Papa Alinitokea Mafia, Mama Mkwe Akanitokea Kariakoo

"Severa, toka majini! Papa! Papa huyo!"

Niligeuka. Chini yangu palikuwa na mnyama mrefu kuliko lori la Fuso, mgongo umejaa madoa meupe. Alipita taratibu, mkia nusura uniguse mguu.

Elieshi, aliyepiga kelele hizo na ambaye sekunde chache kabla alikuwa amenishika mkono, nilimwona yuko juu ya boti.

"Tulia, dada!" Abbasi, mwenye boti, alikuwa anarekodi kwa simu ya Elieshi huku anacheka. "Huyo papa potwe. Mkubwa tu, hali mtu."

"Na huyu wangu mbona amekimbia?"

"Nimefuata kamba ya kukuvuta," Elieshi akajibu, meno yanagongana.

"Iko wapi?"

"Bado naitafuta."

Nilicheka mpaka nikanywa maji ya chumvi.

Mimi na Elieshi tunauza mashuka Kariakoo, duka la mama yake. Kila Desemba Wachaga wanafunga maduka wanapanda kwao Kilimanjaro, na kila Desemba Elieshi alikuwa ananiacha. Mama yake hakujua kwamba tunapendana. Safari hii alimdanganya kwamba anabaki kulinda mzigo, tukaenda zetu kisiwani Mafia.

Jioni ile nilimuuliza. Mimi ni mwoga wa kuongea, ila hilo lilikuwa limenikaa kooni.

"Utanitambulisha lini kwa mama? Au kwa sababu niliishia darasa la tano?"

"Hapana, Severa. Namwogopa tu."

"Kama papa?"

"Papa ana nafuu."

"Basi tukirudi Dar, kama bado nafichwa, mimi narudi kwetu Mahenge."

Akachukua simu, akaweka ile video kwenye status bila kuitazama mpaka mwisho. Alihakikisha mama yake haioni. Ila akasahau kumzuia mama mdogo, naye akamtumia dada yake.

Tuliporudi, Mtaa wa Kongo ulikuwa umepoa, maduka mengi yana makufuli. Tumefungua mlango tu, tukasikia:

"Hodi humu!"

Mama Elieshi, na begi lake mkononi. Wenzake wote wamepanda Kilimanjaro, yeye ameshuka Dar.

"Shikamoo, mama," tukasema pamoja.

"Marahaba. Elieshi, mzigo umeulinda?"

"Ndiyo, mama."

"Haukuingia maji ya chumvi?"

Akatoa simu, akabonyeza. Sauti yangu ikajaa duka zima: "Na huyu wangu mbona amekimbia?"

"Huyu wangu," mama akarudia. "Severa, ni wako tangu lini?"

Nikatazama sakafu. Elieshi akaangalia mlango, na mimi moyoni nikaanza kufunga mabegi ya Mahenge. Kisha akaja akasimama ubavuni kwangu, akanishika mkono. Ulikuwa wa baridi.

"Tangu mwaka juzi, mama. Niliogopa kukwambia. Nampenda, nataka kumuoa."

Mama akamtazama, akanitazama.

"Sasa mtu unayetaka kumuoa unamwacha majini na mnyama, unapanda boti peke yako? Ndivyo nilivyokulea?"

"Mama, nilikuwa natafuta kamba..."

"Kamba gani! Piga magoti, muombe msamaha. Hapo hapo, nikusikie."

Elieshi akapiga magoti katikati ya marobota ya mashuka.

"Nisamehe, Severa."

"Nimekusamehe," nikasema, sauti ndogo kama ya kitoto.

Mama akaninyanyua kidevu.

"Na wewe mwanangu, hukuogopa?"

"Niliogopa, mama. Ila alikuwa mzuri, nikashindwa kuacha kumwangalia."

Alicheka mpaka akakaa juu ya robota. Akajifuta machozi kwa khanga, akapiga simu kwao Machame.

"Baba Elieshi, yule mbuzi wa mwaka mpya usimguse kwanza. Nakuja na mkwe."