Agrafe Mbili Mgongoni

Mardi, yaani Jumanne, saa moja ya asubuhi, kule Nguba, mtaa wa Bukavu, mama mzee Godelive alitoa kitabu chake cha sala kabatini, akapitisha kidole kwenye mgongo wa kitabu, akagusa chuma. Agrafe mbili, vile vipini vya kubania karatasi.

Akakaa chini. Macho yake yalikuwa karibu kuzimika, lakini kitabu kile alikishona mwenyewe kwa uzi, matundu matano, alipokuwa binti wa kazi kwenye imprimerie ya misioni, kulikochapwa vitabu. Chapa ya kwanza ya kitabu hicho ilishonwa na mikono ya wanawake. Ya pili ilifungwa na mashini, kwa agrafe. Marehemu mume wake, Zagabe, aliandika ndani majina ya watoto wao sita. Hakuna hata mmoja aliyebaki Bukavu.

Saa tatu Jean-de-Dieu, chef wa avenue, mkubwa wa mtaa, aliitwa, akafika. Akafungua kitabu: hakuna majina, na karatasi yenye kuonyesha ni chapa ya ngapi ilikuwa imekatwa kwa wembe.

“Nani aliingia humu, koko?” alimuuliza yule bibi.

“Jana, lundi midi, Salwa. Alikuja kuvika vitabu vyangu karatasi mupya.”

“Muuza vitabu!” Théodore alicheka, amesimama mlangoni. Huyu alikuwa jirani, mwenye kuja kila dimanche, siku ya misa, saa kumi kumsomea Godelive. “Chef, unatafuta nini tena? Juzi dimanche kitabu kilikuwa kizima, nilimusomea mupaka sala ya wasafiri. Si ndio, Godelive?”

“Ndio,” alijibu. Sala ile hakuwa anaikumbuka. Alidhani ni uzee.

Salwa akakalishwa barazani kwa chef, ng'ambo ya njia, sanduku la vitabu vyake limefungwa kamba. Saa sita Godelive alimfuata, fimbo mkononi.

“Koko, miaka ine minakunywa chai yako, leo niko mwizi? Lundi agrafe zilikuwa pale! Nilizani unajua.”

“Unijibu kitu kimoja. Chapa ya pili inapita ya kwanza na nini?”

Salwa akapangusa uso. “Waliongeza sala kumi ku mwisho. Ya wagonjwa, ya wasafiri, ya...”

“Inatosha, mwanangu.”

Saa tisa alimwita Théodore, peke yake. Mvua ilikuwa inapiga mabati.

“Ile sala ya wasafiri, ku kitabu yangu haimo. Dimanche ulikuwa unasoma ingine. Ulibadilisha wakati niko jikoni napasha chai. Salwa alikuja kesho yake.”

Théodore akavuta kiti, akakaa.

“Francine wangu iko Bruxelles, Ulaya,” alisema. “Kuna bwana kule anakusanya chapa za kwanza, za pili hazitaki. Aliahidi kunitumia invitation ya kuombea visa. Miaka kumi na moja sijaona mutoto wangu. Nikawaza: Godelive haone tena, haitamuumiza.”

“Vidole vyangu haukuviwaza.”

Théodore alienda kwake, akarudi na kitabu ndani ya sashe ya plastiki. Godelive akahesabu matundu kwa ukucha. Matano.

“Basi imeisha,” Théodore alisema taratibu. “Tunyamaze tu. Ukiniitia chef, nani atakusomea?”

Neno lile Godelive alikuwa analiogopa tangu saa sita. Mtaa mzima, zaidi ya huyu na Salwa, hakuna aliyebisha mlangoni pake. Na Salwa, Mwislamu, vitabu vya sala za kikatoliki anaviuza tu, kuzisali hajui.

“Hakuna,” alisema.

Akashika ukuta mpaka mlangoni, akaita ndani ya mvua:

“Chef! Chef Jean-de-Dieu! Achilia ule mutoto wa watu, kuja huku!”