Mita Sitini za Hezron

Jumamosi hiyo malori yalikuwa yameziba barabara ya Tunduma tangu mpakani, na kila mtu alipita alipoweza. Ikupa alikuwa akijipenyeza mbele ya duka la vifaa vya ujenzi, amevaa kikoti cha kazini cha rangi ya chungwa na mabuti ya mpira, simu ikiwa sikioni. Mara mfuko wa saruji ukapasuka miguuni pake, vumbi likampanda mpaka kwenye kope.

"Mungu wangu! Dada, samahani!" alisema kijana aliyeuangusha. Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi. Nani anabeba saruji na shati jeupe? "Ngoja nikufute."

"Usiniguse! Unataka kunipiga lipu?"

"Kuta zangu zenyewe bado, ila wewe umezipita kwa uzuri."

Ikupa alitaka kukasirika, akacheka. Hapo ndipo alipokwisha.

Kijana huyo aliitwa Hezron. Aliuza spea za malori, na saruji ile ilikuwa ya nyumba aliyokuwa akimjengea mama yake, Mama Elina, aliyekuwa amebaki peke yake shambani Itaka. Ikupa naye alikuwa mkaguzi wa majengo. Baada ya wiki mbili simu zao zilikuwa hazipoi.

"Umekula, saruji wangu?"

"Nimekula, mkaguzi wangu. Ila sijashiba, leo sijakuona."

"Muongo wewe! Jana si ulikuwa hapa mpaka chai ikaisha?"

"Chai ndiyo iliisha. Mimi hamu yangu iko palepale."

Septemba ofisi ikatoa agizo: mtaa wa Bondeni, kila nyumba iliyo ndani ya mita sitini kutoka ukingo wa kijito iwekwe alama ya X, ivunjwe kabla ya mvua. Ikupa hakuwahi kuuliza nyumba ya Hezron iko wapi. Siku alipoiona, Mama Elina alikuwa ameshahamia, ameanika mahindi uani, pazia jipya likipepea dirishani.

Alianza na jirani yao, Mzee Ishaka, mfanyabiashara wa dagaa kutoka Kigoma. Alishika tepu pale juu kwenye ukingo, maji yanapofika wakati wa masika, kama kanuni inavyotaka. Mita hamsini. Akaichora X nyekundu ukutani, mzee akimtazama.

Kisha akaja kwa Hezron. Hezron mwenyewe alishika ncha moja ya tepu ukutani. Ikupa akavuta nyingine kuelekea kijitoni, akaingia kwenye matete. Pale ukingoni hakusimama. Aliteremka mpaka chini kabisa, kwenye maji kidogo ya kiangazi yaliyobaki katikati ya mchanga, na akapimia hapo.

"Sitini na mbili!" alipaza sauti. Sauti yake mwenyewe ilimtia aibu.

Nyumba ya Mzee Ishaka ilivunjwa, akapanga chumba huko juu. Ya Hezron ikabaki. Mama Elina alimshukuru Mungu kanisani, mbele ya watu, na Ikupa aliyekaa benchi la nyuma akainamisha kichwa akijifanya anasali.

Februari mvua ilinyesha siku mbili mfululizo. Alfajiri ya siku ya tatu kijito kilipanda, ukuta wa chumba ukamwangukia Mama Elina mguuni. Hezron alikuwa amekwenda Mbeya kufuata mzigo. Aliyesikia kelele akashuka kumtoa kupitia dirishani, maji yakiwa kifuani, alikuwa Mzee Ishaka.

Tangu siku hiyo Ikupa hakupokea simu. Hezron alipiga asubuhi, akapiga mchana, akaandika: "Mpenzi, nimekukosea nini?" Siku ya nne alimsubiri nje ya ofisi, amekonda, ana ndevu za siku nyingi.

"Kama umenichoka, sema."

"Sijakuchoka. Siwezi kukutazama. Hezron, nyumba yako haikuwa sitini na mbili. Ilikuwa arobaini na tisa. Nilipimia chini kwenye maji. Mama yako nimemvunja mguu mimi."

Alingoja matusi. Hezron akasema taratibu, "Nilijua."

"Ulijua nini?"

"Nilikuona ukipima kwa Mzee Ishaka. Ulipozama kwenye matete nikajua umepita ukingo. Nikanyamaza, nikaishikilia tepu vizuri."

"Ukamlaza mama yako mle?"

"Na wewe uliyesomea kazi hiyo, ukaniruhusu nimlaze?"

Kila mmoja alikuwa na haki ya kumkasirikia mwenzake, na kila mmoja alijua yeye hana haki hiyo. Waliachana pale getini bila kwaheri.

Kwa siku tatu Ikupa hakula vizuri wala hakulala vizuri. Alimwandikia mkuu wake barua ya kukiri kila kitu. Siku ya nne simu ikaita, akaipokea kabla haijaita mara ya pili.

"Ikupa, nataka kukuoa."

"Sasa hivi? Na haya yote?"

"Kwa ajili ya haya yote. Kuna mtu gani mwingine nitakayeweza kumtazama?"

"Hiyo ndiyo posa yako, Hezron?"

"Ndiyo niliyonayo, mpenzi. Mama nimeshamwambia ukweli kule hospitali alikolazwa. Amelia sana. Amesema tusimwendee yeye kwanza, twende kwa Mzee Ishaka."

Walikwenda jioni hiyohiyo. Chumba kilikuwa kimoja, kimegawanywa kwa pazia, nyuma yake wajukuu wakicheka. Ikupa alipiga goti mlangoni, akatoa shikamoo, akaeleza bila kuficha. Mzee Ishaka alisikiliza mpaka mwisho.

"Binti, kwangu ulipima sawasawa?"

"Sawasawa, baba."

"Hukupunguza hata hatua?"

"Hata moja. Wewe sikukujua."

Mzee alilitazama lile pazia.

"Toka nyumba yangu ivunjwe nakulaani. Ukipita barabarani nakulaani. Na maji yamefika pale nilipokuwa nalaza hawa watoto. Kumbe katika mtaa mzima uliyemtakia mema ni mimi. Inuka, mwanangu. Kaolewe. Ila na huyu mwenzio umpende kama ulivyonipenda mimi."

Ikupa hakuinuka. Hezron akapiga goti kando yake, na wote wawili wakalia mbele ya mzee wa watu kama watoto.