Jibu la Marehemu Yen-ting

Jumatano, siku ya kumi na tano ya mwezi wa saba kwa kalenda ya Kichina, ule mwezi wa mizimu, saa tisa na dakika ishirini alasiri, Pai Yun-ju alipiga ukelele uliowafanya watu waache vijiti vya udi viteketee vyenyewe mlangoni.

Walikuwa wamepanga meza chini ya jengo kuwapa chakula mizimu wasio na jamaa: tambi za pakiti, biskuti, soda, kuku mzima wa kuchemsha. Yun-ju alikuwa ametangulia kupanda juu kabla udi haujaisha, na watu walikwisha kuanza kumteta. Waliposikia ule ukelele walipanda ngazi mbio hadi ghorofa ya tatu. Yao Shu-chen, ambaye darasa zima lilimwita Shangazi na magoti yake yalistaafu kabla yake, alifika wa mwisho akihema.

Yun-ju alikuwa amekaa mbele ya kompyuta, mikono mapajani.

"Haipo," alisema. "Kazi yangu yote haipo."

Hilo lilikuwa darasa la watu wazima wanaojifunza kuandika programu, karibu na stesheni ya Tainan, Taiwan. Ijumaa, yaani keshokutwa, kampuni moja ingekuja kutazama kazi zao na kuajiri mtu mmoja. Kila mtu alijua kuwa mtu huyo angekuwa Yun-ju. Alikuwa ametengeneza programu ya kupanga foleni ya wagonjwa katika zahanati aliyowahi kufanyia kazi. Mwanawe wa miaka sita alikuwa analelewa na bibi yake kule Pingtung, na mshahara wa kazi hiyo ndio ungemrudisha mtoto kwa mama.

"Umebonyeza nini?" aliuliza Mwalimu Fang.

"Nimeandika mstari alioniambia."

"Nani?"

Yun-ju aliinua simu yake wote waone. Hakuna aliyethubutu kuishika.

Darasa lilikuwa na jukwaa la maswali mtandaoni, na asubuhi ile Yun-ju alikuwa ameuliza kwa nini programu yake inakataa kuhifadhi majina ya wagonjwa. Saa tisa kamili, karibu wote wakiwa chini na udi, jibu likaingia: safisha mabaki ya zamani kwa mstari huu, kisha ujaribu tena. Chini yake kulikuwa na jina la Chiu Yen-ting. Yen-ting aligongwa na lori akiwa kwenye pikipiki mwezi wa nne, na wote waliokuwa chumbani walikwenda mazishini.

"Tumwite mtawa," alinong'ona Mwalimu Fang.

"Mtawa aje kumsomea nani, kompyuta?" Yao alisema. Sauti yake ilikuwa kali kuliko alivyotaka, maana naye alikuwa anaogopa.

Alikuwa na sababu. Yen-ting ndiye aliyekuwa akiwasaidia wanaoanza, bure, kwa subira ambayo Yao hakuwahi kuiona kwa mtu wa umri ule. Alipokufa, jukwaa lilinyamaza. Kisha ulipoingia mwezi wa saba, usiku wa manane kamili, saa ileile mlango wa kuzimu unapofunguliwa, akaunti yake iliandika: "Endeleeni kuuliza. Nipo." Usiku ule Yao, mpelelezi mstaafu aliyewahi kulala chumba kimoja na maiti akilinda ushahidi, alilala na taa ikiwaka. Tangu hapo marehemu alikuwa akijibu maswali, na majibu yake yalikuwa sahihi. Watu walimshukuru wakilia. Koti lake bado lilikuwa limetundikwa kwenye kiti chake, na hakuna aliyekikalia.

Yao aliomba asome ule mstari. Aliusoma mara mbili.

"Yun-ju, folda yako inaitwaje?"

"Jina la mwanangu. Lo-an."

"Jukwaani uliwahi kulitaja?"

"Hapana. Naanzaje kulitaja mwezi huu, Shangazi? Mizimu wasikie jina la mtoto?"

"Mbona aliyekujibu ameliandika?"

Yun-ju aliusoma tena ule mstari kwenye simu. Yao akahisi hofu ikimtoka kidogo kidogo na hasira ikishika nafasi yake. Mzimu huenda ukajua mengi, lakini jina lile lilikuwa kwenye skrini ya Yun-ju, na skrini ya Yun-ju ilionwa na waliokaa chumba hiki. Kikulacho ki nguoni mwako.

Alianza na Mwalimu Fang. Seva ya darasa, ile mashine iliyobeba jukwaa, ilikuwa pembeni, na akaunti ya Yen-ting ilikuwa bado wazi humo. Mwalimu alikataza mtu yeyote kuigusa. Lakini juu yake kulikuwa na pakiti ya kijani ya vitafunio vya nazi, kama ilivyo juu ya mashine zote za maana kisiwani, hirizi ya kuifanya itulie na isigome. Na pakiti hiyo ilikuwa mpya.

"Umeigusa seva, Mwalimu."

Fang alifuta miwani. "Jumatatu. Pakiti ilikuwa imepitwa na tarehe, Shangazi! Tangu Yen-ting afe hakuna aliyekumbuka kuibadilisha. Ungeniona mtu gani, niache mashine ikae na pakiti iliyochacha, mwezi kama huu?"

"Akaunti hukuifungua?"

"Aa, wapi! Nilibadilisha nikainama mara tatu nikaondoka. Na leo saa tisa nilikuwa nimesimama kando yako. Moshi wa udi wangu ulikuingia jichoni, nawe ukanitukana."

Hilo lilikuwa kweli. Na hapo ndipo palipomwuma Yao: saa tisa kila mtu alikuwa mlangoni, mikono yote miwili imeshika udi au sadaka, isipokuwa mtu mmoja. Hung Chia-ying ni Mkristo na hashiki udi. Alibaki juu peke yake. Naye alikuwa anaitaka ile kazi na hakuwahi kulificha hilo.

"Ndiyo, nilikuwa humu," alisema Chia-ying kabla hajaulizwa. "Na ndiyo, simpendi Yun-ju, anakula mayai ya kuchemshwa kwa chai darasani ananuka. Haya, nifunge pingu."

"Ulifanya nini saa tisa?"

"Nilikuwa nasoma. Mara ile taa ya seva ikaanza kupepesa yenyewe. Hakuna mtu. Shangazi, mimi nasali kila Jumapili, lakini nilitoka nikakaa kwenye ngazi hadi mliporudi. Usimwambie mchungaji."

Yao alimtazama. Mwenye kosa angejitafutia mashahidi, na Chia-ying hakuwa na hata mmoja. Aliyefanya haya alichagua saa ambayo watu wote wangemwona akiwa mahali pengine. Lakini basi mikono yake ilikuwa na udi au sadaka. Basi nani alibonyeza?

Wa mwisho alikuwa Lai Po-han, aliyekaa dawati moja na Yun-ju. Alikuwa kijana mpole, tena aliwahi kupanga chumba kimoja na marehemu. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Mimi nilikuwa mbele kabisa, Shangazi," alisema. "Nimeshika ile sahani ya kuku. Hata simu yangu niliiacha juu."

"Nakumbuka. Ulitaka wewe mwenyewe ubebe kuku."

"Alikuwa mzito."

Jioni ile Yao hakwenda kula. Alikaa akisoma jukwaa lote tangu mwezi uanze. Huzuni ilimjaa. Watu walikuwa wanaandika maswali madogo madogo, kwa nini mabano hayafungi, kwa nini jumla inatoka sifuri, na chini ya kila swali shukrani kwa kijana aliyelala kaburini. Maswali machache hayakujibiwa. Moja liliulizwa asubuhi ya siku ya kwanza ya mwezi wa saba: "Jamani, nimeipangia programu iamke saa kumi jioni, yenyewe imeamka usiku wa manane. Nimekosea wapi?"

Yao alikuwa mwanafunzi dhaifu, hakuelewa. Akampigia Mwalimu Fang.

"Hilo ni kosa la kila anayeanza," Fang alisema, akitafuna. "Seva yetu haijui kuwa ipo Tainan. Inahesabu saa za Greenwich. Sisi tupo mbele kwa saa nane. Ukiipangia saa kumi jioni, kwetu inakuwa..."

Akaacha kutafuna.

"Saa sita usiku," Yao alimalizia.

Alhamisi, saa sita mchana, aliwaomba wote wakae. Alimwomba Fang afungue akaunti ya marehemu kwenye seva, akasimama karibu na kile kiti chenye koti.

"Po-han," alisema, "lile swali lako la programu inayochelewa kuamka, ulipata jibu?"

"Nilipata, Shangazi. Ni saa za Greenwich. Unapunguza nane."

"Hongera. Ilikuwa programu ya nini?"

"Ya... kunikumbusha dawa."

"Ilikosea kwa mara ya kwanza lini?"

Kijana alitazama mlango. Waliobaki walianza kuhesabu vidoleni.

"Nikusaidie," Yao alisema. "Iliamka mwezi wa saba unaingia, saa ambayo Taiwan nzima imefunga madirisha. Ulikusudia ujumbe ufike jioni, kabla watu hawajaenda nyumbani, ukaingia mlango wa kuzimu ukifunguka. Kosa lako ndilo lililotuzalia mzimu. Asubuhi ukauliza ulipokosea, ukajifunza. Jana ukapunguza nane, jibu likaja saa tisa wewe ukiwa umebeba kuku. Nywila ya Yen-ting uliijua tangu mlipopanga chumba kimoja, na jina la folda unaliona kila siku, skrini ya Yun-ju ipo kwenye kiwiko chako."

"Watu wengi wameliona hilo jina!"

"Kweli. Basi tazama hapa." Aligeuza skrini ya seva. "Hili ni sanduku la ujumbe wa siri wa Yen-ting. Mama yake alisikia kuwa mwanawe amerudi. Anamwandikia kila asubuhi. 'Mwanangu, nguo zako sizianiki nje usiku, mizimu wengine wasije wakazivaa.' 'Mwanangu, wenzako unawajibu, nami nijibu hata neno moja.' Kila ujumbe una alama kwamba umesomwa. Nani alikuwa anamsoma mama wa watu, Po-han, halafu anamwacha?"

Po-han alianza kutikisa kichwa, kisha uso wake ukaharibika, akalia kwa sauti kama mtoto.

"Sikuweza kumjibu," alisema. "Nyinyi niliwadanganya. Yeye sikuweza."

Yun-ju alisimama. "Nilikukosea nini?"

"Mwanzo sikutaka ubaya. Alipokufa mliacha kuuliza, mkaanza kuacha darasa mmoja mmoja. Nikataka mpate ujumbe mmoja kwa jina lake, kisha niseme ni mimi nimemkumbuka. Ukafika usiku wa manane. Mkaamini, mkalia, nikaona aibu kusema. Nikaanza kujibu." Alijifuta pua kwa mkono. "Na yote yalikuwa majibu yangu, Yun-ju! Wiki iliyopita nilikuonyesha hapa hapa dawatini jinsi ya kurekebisha orodha yako. Ukasema, 'Ngoja nimwulize Kaka Yen-ting.' Nikakujibu maneno yaleyale kwa jina lake, ukamshukuru mistari mitano. Mimi nipo hai, nimekaa kando yako, hunisikii. Nikasema haya, kama unamwamini hivyo, andika basi chochote atakachokuambia."

"Na mwanangu?" Yun-ju aliuliza kwa sauti ya chini. "Ulimfikiria mwanangu ulipoliandika jina lake kwenye mstari huo?"

Po-han aliinamisha macho, akasema, "Ipo nakala. Yen-ting alikuwa anajua sisi ni watu wa kufuta kwa bahati mbaya. Kompyuta yake kule kwa mama yake inachukua nakala za kazi zetu kila Jumapili. Mama hajaizima. Nilipanga baada ya Ijumaa nijifanye nimekumbuka."

"Baada ya Ijumaa," Yun-ju alirudia. Alimpiga kofi moja, si la nguvu sana, kisha akachukua begi lake. "Twende. Mama yake utamwambia mwenyewe."

Mama Chiu aliishi Anping, katika uchochoro unaonuka chumvi. Aliwafungulia akiwa na aproni, akawasikiliza wakiwa wamesimama. Po-han alipiga magoti sakafuni akasema yote, bila kupunguza neno. Yao aliona aibu kumtazama yule mama usoni, akatazama viatu vya marehemu vilivyopangwa kando ya mlango.

"Nilijua si yeye," alisema Mama Chiu. "Tangu siku ya kwanza. Yen-ting wangu arudi, awajibu watu wa darasani, mimi mama yake aniache nasubiri? Hakulelewa hivyo."

"Sasa kwa nini uliendelea kumwandikia, mama?" Yao aliuliza.

"Kwa sababu kulikuwa na mtu anasoma." Alimtazama kijana aliyepiga magoti. "Kila asubuhi, kabla chai haijapoa, mtu ameshasoma. Hapa nyumbani ninaongea na nani?"

Po-han aliinama hadi paji la uso likagusa sakafu. Mama Chiu hakumwinua, wala hakumfukuza. Aliwaongoza hadi chumba cha nyuma, ambako kompyuta ilikuwa inavuma taratibu kando ya kitanda kilichotandikwa.

Nakala ilikuwepo, ya Jumapili. Kazi ya siku tatu haikuwemo, na iliyobaki hadi onyesho ilikuwa jioni moja. Po-han alisema kesho asubuhi angemweleza mtu wa kampuni alichofanya, na kazi yake mwenyewe hataionyesha. Yun-ju alikaa akaanza kuandika upya alichopoteza, midomo ikicheza, huku Mama Chiu akimletea uji wa samaki.

Ilipofika saa mbili usiku vidole vyake vilisimama. Kosa lekundu lilikuwa limejitokeza kwenye skrini. Po-han alikuwa kizingitini, bado hajathubutu kuingia.

"Sijakusamehe," Yun-ju alisema bila kugeuka. "Ila hapa nimekwama. Po-han, njoo uniambie hii ni nini."