Bingwa wa Shingo wa Darasa la Sita

Kila asubuhi kabla ya kengele, Taimur alipita kwa Latif, kinyozi wa mtaa wao mjini Gujranwala, kuangalia wanaume wakinyolewa. Nywele hazikumhusu. Alisubiri mwisho, pale Latif alipomaliza kumkanda mteja kichwa, akamshika kidevu na kisogo, akamgeuza ghafla mpaka shingo ikalia ko! Wanaume wa mtaa huo, na ndevu zao zote, waliona bila mlio huo hawajanyolewa.

Basi Taimur, ambaye hesabu za sehemu zilikuwa bado zinamtoa jasho, akajiona amefuzu udaktari. Wakati wa mapumziko alisimama kwenye ngazi za shule akiwageuza wenzake shingo, na wajinga wale wakapanga foleni. Kila shingo iliyolia ilizidi kumvimbisha kichwa.

Shangazi yake Nighat, waliyekaa naye nyumba moja, alikuwa mtaalamu wa viungo na misuli. Aliisomea kazi hiyo miaka mingi. Alichoma sindano nyembamba zisizo na dawa kwenye misuli iliyokaza, kisha akawafundisha wagonjwa mazoezi. Taimur alimdharau waziwazi.

"Shangazi, sindano zako hata hazilii. Mtu atajuaje kama amepona?"

"Atageuza shingo," alisema Nighat, akaendelea kumenya njegere.

Siku moja ikafika zamu ya Asfand, rafiki wa Taimur na mdaka mipira hodari wa timu ya kriketi ya shule. Fainali ilikuwa kesho yake. Shingo yake iligoma kulia. Mwenye akili angeacha hapo, lakini Taimur aliogopa kuchekwa, akairudia kwa nguvu zake zote. Ikalia. Asfand akashika ukuta, akasema dunia inazunguka.

Taimur hakumwita mwalimu. Alimnong'oneza Asfand aseme amelala vibaya, na hicho kizunguzungu asikitaje kabisa.

Jioni mama yake Asfand alimleta kwa Nighat, shingo imekakamaa. Nighat alimuuliza kilichotokea, akamuuliza pia kama anaona kizunguzungu. Asfand alitazama sakafu, akajibu kama alivyofundishwa. Nighat akampangusa bega, akafungua sindano. Taimur alikuwa mlangoni. Alimwona rafiki yake uso umempauka, ameng'ang'ania kiti asianguke. Hata hapo, mwoga yule alifikiria kwanza jinsi shule nzima itakavyomcheka. Ndipo akasema.

"Shangazi, usimchome. Hakulala vibaya. Mimi ndiye niliyemgeuza shingo. Na kizunguzungu anacho."

Nighat aliweka sindano chini. Aliifunga shingo ya Asfand isitikisike, akihofia mshipa wa damu umechanika humo, wakampeleka hospitali saa ileile. Walipompiga picha walikuta mishipa ya damu iko salama, ila misuli imeumia vibaya. Fainali akaikosa, na timu ikashindwa.

Usiku ule waliporudi kutoka hospitali, Nighat alimkalisha Taimur kwenye kigoda. Akamshika kidevu na kisogo, sawasawa na Latif. Taimur akakauka.

"Shangazi, tafadhali."

"Unaogopa nini? Mimi nimesoma." Akamwachia. "Asfand hakuogopa, na aliyemshika hajui lolote. Alikuamini. Mwili wa mtu si wa kutafutia sifa, Taimur. Na ukikosea, sema mapema. Leo ningemtibu mtoto wa watu kwa kufuata uongo wako, na ningeweza kumpoteza."

Taimur alilia, na Nighat hakumbembeleza.

Nywele za Taimur zilipokuwa ndefu, alikaa kwenye kiti cha Latif. Kinyozi alimaliza kukata, akanyoosha mikono kwenye kidevu. Wanaume kwenye benchi wakatega masikio. Taimur akaziba shingo kwa viganja.

"Nywele zinatosha, mjomba."

Walimcheka mpaka wakakohoa. Taimur aliwaacha wacheke, akatoka kwenda kumbebea Asfand mkoba wake wa shule.