Jabali Lililokunjika

Kila asubuhi Redio na Kimya walipita chini ya jabali wakienda shule. Redio, msichana aliyepachikwa jina hilo kwa sababu hazimiki, alizungumza njia nzima: mdomo kazini, macho likizoni. Rafiki yake Kimya alisikiliza na kutazama.

Siku moja mwalimu wa jiografia akawataka wanafunzi wakasimame mbele ya jabali lile, wachore matabaka ya miamba yake. Jioni hiyo baridi ya milimani ilikuwa ya kung'oa masikio. Redio akabaki nyumbani, akafungua kitabu, akanakili matabaka yaliyonyooka, moja juu ya jingine kama magodoro dukani.

Kesho yake Kimya akaonyesha mchoro wa matabaka yaliyopinda. Tabaka moja jeupe la mawe ya chokaa lilipanda, likageuka, likarudi chini. Darasa likaguna. Redio akasema kuwa naye alisimama palepale, wala hakuona kitu kama hicho.

"Labda mwenzangu alichora utumbo wa mbuzi," akaongeza.

Darasa zima likaangua kicheko. Kimya akainama, akachukua kifutio, akaanza kufuta.

Mwalimu hakubishana na mtu. Aliwatoa wote nje, akawapeleka jabalini.

Redio akainua macho. Lile tabaka jeupe lilipanda, likageuka, likarudi chini. Uso ukamwaka moto; angepata tundu la panya angeingia na mkoba wake.

Mwalimu akaeleza kuwa zamani za kale hapo palikuwa chini ya bahari. Matope na makombe ya konokono wa baharini yalitulia tabaka kwa tabaka, yakawa mwamba. Kisha mabara mawili yakasukumana polepole kwa mamilioni ya miaka, na sakafu ile ya bahari ikajikunja kama mkeka uliosukumwa ukutani, ikainuka kuwa milima.

"Nilidhani macho yangu ni mabovu," Kimya alisema taratibu.

Maneno hayo yalimchoma Redio kuliko baridi. Akamsogelea mwalimu, akamnong'oneza kwamba jana hakufika hapa, alinakili kitabuni.

"Mchoro utachora mwingine," mwalimu akamjibu. "Lakini umemfanya mwenzako asiyaamini macho yake. Hilo halinong'onezwi, mwanangu. Uongo uliosemwa mbele ya watu hufutwa mbele ya watu walewale."

Redio akawageukia wenzake. Kwa mara ya kwanza maneno yalimkwama. Akayatoa hivyo hivyo, moja moja, hadi la mwisho. Hakuna aliyecheka.

Kimya akasogea kidogo kwenye jiwe alilokalia. "Kaa," akasema. "Anza na lile jeupe."