Boga la Kando ya Shimo

Mwezi wa Ramadhani, kila alasiri, Ikram alirudi kutoka shuleni, akavua sare, akaswali, kisha akamsaidia bibi yake kuandaa futari. Siku hiyo Bibi Mwanahawa alikuwa anakwenda Ihumwa kumjulia hali dada yake mgonjwa.

"Pika boga lako," alimwambia mjukuu wake. "Baba yako mdogo anafuturu hapa na wanawe. Nitarudi kabla ya magharibi."

Boga lako! Ikram, mwenye miaka kumi na mmoja, alilipenda neno hilo. Boga lilikuwa limejiotea kando ya shimo la taka, nyuma ya nyumba yao ya Majengo, na mvua zilipokatika yeye ndiye aliyelimwagilia maji. Hamza, mtoto wa baba mdogo, alizoea kumcheka kwamba hajui kupika zaidi ya chai. Leo angemwonyesha.

Penina, rafiki yake wa nyumba ya pili, alikuja kumsaidia. Gamba lilikuwa gumu kama ubao. Ikram alichomeka kisu kando ya kikonyo, akakigonga mgongoni kwa mchi, taratibu, mpaka boga likapasuka. Wakakomba mbegu na nyuzi kwa kijiko, wakakata vipande vikubwa na kuviacha na maganda yake ili visivurugike vikiiva.

"Onja basi, mimi nimefunga," Ikram alisema.

"Leo mimi ndiye ulimi wako." Penina alicheka, akauma kipande kibichi. Papo hapo akakitema. "Chungu! Chungu kama mwarobaini!"

"Acha utani, Penina."

"Haki ya Mungu, sitanii."

Ikram alikinusa kipande. Harufu ilikuwa ya boga, na rangi ilikuwa ya manjano iliyokolea, kama ya boga la sokoni. Mbona basi liwe chungu? Alikumbuka nyanya chungu: zikichemshwa na maji yakamwagwa, uchungu hupungua. Huenda na boga ni hivyo. Akachemsha, akamwaga maji, akachemsha tena. Penina akagusa kwa ulimi. Chungu vilevile. Wakajaribu kipande cha upande wa pili, ule uliokuwa ukipigwa jua. Chungu. Mwishowe Ikram akatia karanga zilizotwangwa na sukari nyingi.

"Sasa je?"

Penina alilamba mwiko, akafikiri. "Linaanza tamu. Halafu uchungu unakuja nyuma, unakaa kooni."

"Mtu mwenye njaa atausikia?"

"Mwenye njaa? Labda asiusikie." Penina akaweka mwiko chini. "Ila mimi siongezi."

Ikram alitazama sufuria. Boga lilipendeza, rojo lake zito likimetameta. Wageni walikuwa njiani.

Mlango wa uani ukalia. Penina akaamkia, "Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Harufu nzuri hiyo! Futari tayari?"

Jibu la "ndiyo" lilikuwa kwenye ncha ya ulimi wa Ikram. Akalimeza.

"Bibi, boga ni chungu. Nimelichemsha, nimelitia sukari, lakini uchungu bado upo."

Bibi Mwanahawa, aliyefundisha sayansi kimu kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, hakugomba. Alichovya kidole katika rojo, akakigusisha ulimi, akatema, akasukutua.

Ikram alitoa macho. "Bibi, saumu yako!"

"Sijameza. Mpishi akihitaji kuonja, kisha akatema, saumu yake ipo." Akaepua sufuria. "Hili tunalizika shimoni. Hata kuku wasilifikie."

"Lote?"

"Lote. Nyanya chungu ndivyo ilivyoumbwa, haina neno. Boga halipaswi kuwa chungu. Likiwa chungu lina sumu, na moto hauiondoi. Penina, ulimeza?"

"Nililamba tu, Bibi."

"Sukutua sasa hivi. Tumbo likikuuma, mwambie mama yako mara moja."

"Lakini sumu imetoka wapi?" Ikram aliuliza.

"Mara nyingi hutoka katika mbegu yenyewe, na ukame huizidisha. Boga lililojiotea hatujui mbegu yake ni ya namna gani. Ndiyo maana boga huonjwa bichi. Likiwa chungu, hapo hapo unaacha."

Walilifukia, wakamenya viazi vitamu haraka, wakavibandika. Adhana ilipolia, Baba Mdogo Mudrick alikuwa ameshakaa mkekani na wanawe, tende mkononi.

"Tuliambiwa leo tunakula boga la Ikram!"

"Limeungua hilo," Hamza alidakia. "Nilijua tu!"

Uso wa Ikram ulipata moto. "Halikuungua. Lilikuwa chungu, tukalizika."

Hamza akaangua kicheko. "Boga limefanyiwa mazishi!"

"Cheka na kiazi mdomoni, upaliwe," Bibi alimwambia. Kisha akawatazama wote. "Mngelila mkamsifu Ikram, na usiku tungekuwa hospitalini tunatapika. Sukari hubadili ladha, haibadili boga. Mpishi wa kuaminiwa ni yule anayesema ukweli kabla watu hawajanawa mikono."