Sarafu ya Kiatu cha Kushoto

Msiniambie nilikuwa nimelewa. Siku ile sikuonja hata tone. Tangu asubuhi nilikuwa jikoni kwa shemeji yangu Torkel, namenya viazi vipya, jua limejaa dirishani, na mpwa wangu Tyra anaolewa. Mama yake, dada yangu Ingegerd, tulikuwa tumemzika majira ya baridi na viatu vyake vya harusi miguuni, kama alivyotaka mwenyewe.

Kwetu Hälsingland bibi harusi haendi kanisani bila sarafu ya fedha ndani ya kiatu cha kushoto, na anayeiweka ni baba. Ya ukoo wetu ni moja tu, tangu enzi za bibi yake bibi. Uso wa mfalme umefutika kwa nyayo za wanawake wetu. Ingegerd alikata roho akiwa ameishika. Mimi ndiye niliyemfungua vidole, nikampa Torkel. "Hii ya Tyra," nikamwambia. Akalia, akaapa.

Basi Tyra akakaa kitini, akanyoosha mguu. Torkel akapiga goti, akatia kiatuni kitu kilichofungwa kwenye kitambaa.

"Baba, ni ile ya mama?"

"Ile ile, mwanangu. Kwani ningekupa nyingine?"

"Nataka tu naye awepo leo. Hata chini ya mguu."

"Yupo," alisema, bila kumtazama usoni.

Sarafu hiyo haikaguliwi. Ukishavalishwa, umevalishwa, mpaka ndoa ifungwe. Torkel alilijua hilo vizuri, mwizi yule.

Kanisani nilikaa nyuma yake. Pembeni yake alikuwa Viveka, mwanamke aliyemwingiza ndani hata kaburi halijaota nyasi. Joto lilipomzidi Viveka akavua skafu. Kwenye mkufu wake ilining'inia sarafu. Mfalme asiye na uso, katobolewa tundu kichwani.

Nikamwinamia Torkel. "Umemvisha nini mtoto?"

"Shemeji, nyamaza. Si sarafu tu? Tyra hatajua."

"Na mwenyewe je?"

"Mwenyewe amekufa."

Kinanda kikaanza. Tyra akaingia na bwana harusi wake, Sixten, wameshikana mikono. Nikasikia viatu kwenye sakafu ya mawe. Vya Sixten. Vya Tyra. Na kingine.

Kisigino kimoja. Kinagonga, kinaburuta. Kushoto kwa Tyra, pasipo na mtu.

Maharusi walifika mbele, wakasimama. Kinanda kikanyamaza. Kisigino hakikunyamaza. Kiligeuka. Kikaja mpaka kwenye benchi la mbele yangu. Kikatulia. Ikanijia harufu ya udongo mbichi.

Viveka akashika koo. "Torkel," alinong'ona, "nani ananigusa?"

Mkufu ulikuwa mzima, umefungwa. Sarafu haikuwepo.

Kule mbele Tyra aliguna kama aliyechomwa. Akainama, akavua kiatu mbele ya mchungaji na watu wote, akafungua kitambaa. Sarafu ya ukoo ilikuwa ndani, na tundu lake, imejaa udongo. Akaitazama. Kisha akamtazama Viveka, aliyekuwa bado amekamata mkufu mtupu.

"Baba," akasema taratibu. "Umeitoboa."

"Mwanangu, ngoja nikueleze..."

"Ulinipigia goti, baba. Ukanidanganya umepiga goti."

Torkel akainuka amfuate. Alipokanyaga tu, akapiga yowe. Tulimvua kiatu cha kushoto. Ndani kulikuwa na sarafu mpya, ile aliyomvisha binti yake, imemzama kwenye unyayo. Tuliing'oa. Mpaka leo anachechemea, kisigino kinagonga, kinaburuta, na anaishi peke yake, maana Viveka hakurudi hata kuchukua nguo zake. Tyra hajakanyaga kwake tena.

Mimi nilidhani yameisha. Nikaipeleka ile sarafu ya ukoo kwa sonara, akaliziba tundu kwa fedha, kazi safi kabisa. Nikampelekea Tyra, nikaiweka mezani kwake. Asubuhi tulipoamka tundu lilikuwa wazi, na pembeni yake kuna udongo mbichi.

Nikataka kuirudisha kwa sonara. Tyra akanishika mkono.

"Iache, mama mdogo," akasema. "Mama hajasamehe. Hata mimi."